Masika Alisimama Kati ya Vituo

Jumatatu, 6 Mei

Mazoezi baada ya shule. Uwanja tope. Nimerudia sheria za besiboli mpaka koo limekauka: ukiwa nje ya kituo, wapinzani wakikugusa kwa mpira, umetoka. Mchezo hausimami mpaka mwamuzi ainue mikono na kuita temps mort. Watoto wanaitikia, kisha wanazurura kati ya vituo kama mbuzi sokoni. Vituo vyenyewe magunia ya udongo. Masika peke yake hakosei.

Jumatano, 8 Mei

Kaka yangu, baba yake Masika, aliuawa shambani huko Mulekera, Beni, mwezi wa tatu. Tangu hapo mtoto yuko kwangu hapa Butembo na haongei. Anakula kidogo, anaosha vyombo, analala. Uwanjani tu ndiko anachangamka. Leo aliiba kituo cha pili, akakikimbilia kabla mpira haujapigwa, chini ya pua ya kila mtu, akacheka. Mchezo huu ukimtoka, sijui nitamshika wapi.

Jumapili, 12 Mei

Timu ya Musienene ilikuja baada ya misa. Mwamuzi mimi, hakuna mwingine anayezijua sheria. Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na akitoka mmoja tu mchezo umekwisha. Mpira ukapigwa, Masika akatoka kituo cha pili mbio kwenda cha tatu. Hapo msafara wa maziko ukapita barabarani. Pikipiki zenye matawi, jeneza, nyimbo. Sijui marehemu ni nani. Masika akasimama palepale, akavua kofia. Wote tukasimama, hata msichana wa Musienene aliyeshika mpira. Hata mimi, kichwa chini.

Pikipiki ya mwisho ilipopita, msichana yule akamgusa Masika begani. Sikuwa nimeinua mikono.

Mama mmoja akapiga kelele: "Mwalimu, ile ni maiti! Batoto banaheshimu tu!" Kocha wao akapinga: "Mais, sheria iko sheria."

Niliogopa watasema shangazi anambeba mtoto wake. Nikatamka: ametoka. Tukashindwa.

Jumatatu, 13 Mei

Masika hakuja mazoezini. Sheria ni msumeno, sawa. Lakini nani alikuwa ameushika? Najichukia.

Jumatano, 15 Mei

Nimemwomba arudi. Nimemwambia kosa ni langu, kusimamisha mchezo ni kazi ya mwamuzi. Glovu yake iko chini ya kitanda.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua. Tulikuwa tunachambua maharage jikoni. Akasema bila kuinua macho: "Tantine, hapana jikasirikia. Ata mukisema nimetoka, nitasimama tu. Papa, hakuna mutu alimusimamia."

Kweli. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa. Majirani walimzika kaka upesi, wakakimbia. Sisi tuliambiwa kwa simu.

Sikumuuliza tena habari za uwanja. Nilimlilia kaka yangu, kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Masika akavuta sahani yangu ya maharage kwake, akaendelea kuchambua.