Kibao cha Maegesho Nimekisoma Mwenyewe

Mwenzangu, leo maua ya yule mzee jirani yamepunguzwa. Kibao cha maegesho kinaonekana chote!

Nikaegesha mlangoni petu, mama bado yumo garini na mguu wake wa bandeji. Mzee huyo, katoka mbio. "Wewe binti! Nikwambie mara ngapi? Hapa ni pa wenye nyumba. Wapangaji mwisho wa barabara!"

Nikashuka. Mimi! Nikaweka kidole kwenye kibao nikasoma kwa sauti, neno moja moja: "Wakazi wote wa mtaa huu, wapangaji wakiwemo."

Wapangaji wakiwemo! Mstari wa mwisho kabisa, maua yake yameufunika mwaka mzima.

Eti, "Na wewe kusoma umejulia wapi?"

Nikamwambia, "Kokote nilikojulia, babu, gari halitoki."

Halitoki, nakwambia! Mama alicheka mpaka akasahau mguu.

Ila nikwambie nisichowahi kumwambia mtu. Mwaka mzima mama amechechemea kutoka kule mwisho, na maua yale ningeweza kuyasogeza siku yoyote. Niliogopa watu wasinione nasoma polepole. Shule niliishia darasa la nne. Polepole, lakini nasoma.