Mlango wa Eedo Habiba

Wajir,
Julai.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko Machakos? Goti la Mama limepoa? Mimi ni mzima, ila vumbi limenijaa hadi kwenye meno, na chai ya maziwa ya ngamia sasa naimaliza bila kukunja uso.

Baba, nilikuficha jambo. Mwezi uliopita wakubwa wangu waliniandikia kwamba rekodi zangu za upepo ni za uongo: vituo vyote vinapata kusi, mimi peke yangu naandika kaskazi. Nijieleze kwa wiki mbili au nifungashe. Nililia, halafu nikakasirika, maana nilikuwa nakisoma chombo, ule mshale unaozungushwa na upepo juu ya herufi za pande nne, kila saa bila kukosa.

Aliyeniokoa ni jirani yangu mfugaji, Eedo Habiba. Eedo ni shangazi kwa Kisomali. Nilimkuta na binti zake wakiigeuza nyumba yao ya mikeka, mlango uangalie kaskazini mashariki. Nikamwonya kwamba upepo utaingia wote ndani. Akanitazama kwa huruma.

"Ubebo ya hagaa natoka huko nyuma," akasema. "Mimi nageusa mlango kila mwaka. Wewe nani amekudanganya?"

Hagaa ni kiangazi hiki cha katikati ya mwaka. Nikarusha vumbi juu. Likaenda zake kaskazini mashariki. Nikakimbia kituoni. Kumbe kila asubuhi jua lilikuwa likichomoza kwenye herufi ya magharibi, na msomi wako haoni! Fundi aliyekitengeneza chombo kabla sijaja aliona mshale unaelekea kule upepo unakotoka, akadhani ni kosa, akazigeuza herufi. Hakujua kwamba upepo husukuma mkia.

Nikaandika kurasa tatu. Nikaeleza kwamba sasa jua liko kaskazini, nchi za huko zimepata moto, hewa yake inapanda, na ya kusini inavuka ikweta kujaza nafasi. Kwa kuwa dunia inazunguka, njia yake inapinda, ikatufikia kutoka kusini magharibi. Desemba itakuwa kinyume, na Eedo atageuza mlango tena. Wakizigeuza rekodi zangu, zitalingana na za Garissa na Mandera.

Zimelingana. Jana nimethibitishwa kazini, Baba! Tena nimetumwa nikague mishale ya vituo vingine viwili. Nimempelekea Eedo sukari na majani ya chai. Amesema nilichelewa kumwuliza.

Nisalimie Mama, Nyanya, na mdogo wangu Mueni. Ulisema upepo wa kwanza wa Wajir utanirudisha nyumbani, ukaniwekea kitanda changu. Mpe Mueni.

Mwanao,
Ndunge, mpima upepo wa kudumu.