Miguu minene ya Yoane

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kisangani tu wazima. Mama yako yuko Banalia kununua mchele, nami bado navuka mto kwenda Lubunga kulima. Umeniuliza kama mwanao Daniel huanguka kwa uvivu, kama asemavyo baba mkwe wako, maana miguu ya mtoto ni minene kama ya mwenye nguvu.

Mdogo wangu Yoane alikuwa hivyo. Tonton, yaani mjomba wetu, mvuvi wa maporomoko ya mto, alitaka kumpandisha kwenye miti iliyosimikwa majini ya kutundikia mitego ya samaki. “Angalia hii miguu! Mutoto iko na nguvu kuliko mimi.”

Mama akajibu, “Bon, umwambie kwanza ainuke kutoka chini bila kushika mapaja.”

Yoane alicheka, akajaribu, akashindwa. Tonton hakumlazimisha tena.

Niliposomea uuguzi nilielewa. Yapo magonjwa ya kuzaliwa nayo ambayo misuli hufa polepole na mafuta hushika nafasi yake. Hivyo mashavu ya miguu hunenepa huku nguvu ikipungua. Mengine hupitia kwa mama asiyeumwa lolote hadi kwa mwanawe wa kiume, na si kosa la mama huyo. Kumkimbiza mtoto kwa fimbo huumiza hata misuli iliyobaki.

Sijui kama Daniel ana ugonjwa huo. Mpeleke kwa daktari wiki hii, aone jinsi anavyoinuka kutoka sakafuni, na umweleze habari za Yoane. Hata pasipo dawa ya kuuondoa, yapo mengi ya kumsaidia. Baba mkwe akisema usubiri mtoto akue, mjibu kwa heshima kwamba misuli haisubiri, kisha uende.

Koko, bibi yako akupendaye