Miche Haikungoja Matanga

Mama,

Pole na safari. Sijui huko mnaamkiana vipi, basi naanza hivyo. Mimi niko. Nakula, nalala, naamka. Watu wa hapa mjini Kadutu wananipa pole, nami najibu asante kama mtu aliyeamkiwa tu njiani.

Siku ya pili baada ya kukuzika kijijini Mumosho, tukiwa tumekaa matangani, nilikumbuka miche yako ya mpunga. Ilikuwa tayari kutolewa kitaluni, na ikicheleweshwa ingekomaa bure. Lakini penye msiba jembe haliguswi, unajua. Na jirani yako Mama Nabintu alishaanza kunong'ona kwamba mistari ya kupandia uliyofundishwa na yule agronomu, bwana shamba wa serikali, ndiyo iliyokuua. Mpunga wako ungefia pale, nani tena angeitaka mistari hiyo? Wanawake wa kijiji uliwabembeleza kila msimu waache kumwaga mbegu ovyo, wakakucheka kwamba unaupanga kama wanafunzi mstarini: "Unapanga mupunga sawa watoto ya masomo!" Nawe ukawajibu: "Mucheke tu, tutaonana ku mavuno."

Nilikasirika, Mama, ila hata hasira yenyewe niliisikia kwa mbali. Nikasema mbele ya wote: "Kupandikiza haiombe jembe. Ni mikono tu." Wazee wakatazamana. Mjomba akasema kweli, mikono haina mwiko.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Nabintu. Si kwamba alikubali mistari. Msibani mtu hakatai kazi, basi. Alikaza kitambaa kiunoni akashuka bondeni, na wenzake wakamfuata. Nikanyoosha kamba ya kupimia mistari, wakapanda wakinung'unika, wakikosea, wakirudia. Miguu yangu ilikuwa matopeni na sikusikia baridi.

Tumeshavuna, na mpunga umezaa vizuri. Wengine wanasema ni bonde lako tu lina bahati. Nilipika wali wake, nikamaliza sahani nzima, sikusikia ladha. Machozi bado hayajaja, Mama. Usinihesabie vibaya.

Mama Nabintu sasa anataka kitalu chake. Nimemwahidi nitashuka kupanda naye, na wewe nakuahidi hivyo hivyo, hata wakicheka. Lala salama.

Juzi Mama Nabintu aliniuliza maji ya kitaluni yatiwe kiasi gani. Kazi hiyo uliifanya peke yako, sikuiangalia hata siku moja. Nikamjibu: "Ngoja kwanza niulize Mama."