Matunda Meupe ya Mkwamba

Jumatatu, 9 Februari 1942
Palizi tangu alfajiri. Nguruwe wameingia tena kwenye mihogo. Ghalani yamebaki mahindi ya mbegu, na hayo hatuyagusi. Mume wangu yuko vitani. Nyumbani ni mimi na dada yake, Somoe. Ana mimba kubwa na njaa haimpi usingizi. Kesho anataka kwenda kuchuma kwamba, yale matunda ya mkwamba, kwenye ua wa shamba la zamani.

Jumanne, 10
Karudi na kikapu tele. Matunda meupe, madogo kama shanga. Nimekula konzi nzima. Mengine machungu, nikayatema. Somoe hakutema. "Hayo mabichi tu, wifi."

Alasiri. Anatapika. Mikono inamtetemeka. Na mimi tumbo linanikata. Sijui ni matunda au ni hofu.

Nimemwita jirani yetu, Bi Mwanahawa. Kayamwaga matunda mkekani, kayageuzageuza. Kisha: "Mwanangu, tunda likishachumwa halina ushahidi. Twende nikaone jani."

Binti yake kabaki na mgonjwa. Tumekwenda, mimi nimejishika tumbo. Mkwamba upo kweli. Lakini umezongwa na mmea mwingine unaotambaa, nao una matunda meupe vilevile. Majani yake mapana. Ukivunja kikonyo, unatoka utomvu. Bi Mwanahawa hajui jina lake. "Huu sijaona mtu akiula. Hata nyani."

Nimelia palepale kichakani.

Jumatano, 11
Wanaume wamembeba Somoe kwa kitanda mpaka dispensari. Nimefuata nyuma na tawi la ule mmea mkononi. Dresa, mtoa dawa wa pale, si mtu wa huku. Kalitazama, katikisa kichwa. Kampa dawa, na maji kidogo kidogo. Nikamuuliza habari ya mtoto. "Tusubiri, mama."

Tumbo langu limetulia. Naona aibu kupona peke yangu. Somoe hanitambui. Ananiita kwa jina la mama yake, marehemu. Naogopa sana.

Alhamisi, 12
Vilevile. Ya Rabi.

Ijumaa, 13
Kafumbua macho, kanijua. Kanywa uji. Lakini mtoto hachezi tangu juzi. Kauchukua mkono wangu, kauweka tumboni. "Unasikia kitu, wifi?"

Sikusikia kitu. Nikasema nimesikia.

Nimetoka nje, nimejiegemeza ukutani.

Jumamosi, 14
Asubuhi kapiga kelele, nikadhani ndiyo basi. Kumbe mtoto kampiga teke. Safari hii nimesikia mwenyewe. Mara moja. Halafu tena. Dresa naye kacheka.

Jumatatu, 16
Tumerudi nyumbani. Wanawake wamekwenda na mapanga, wameukata ule mmea na kuung'oa mizizi. Mkwamba wameuacha. Umejaa matunda na hakuna anayechuma.

Jioni nimepika kisamvu. Somoe kaonja, kasema hakina chumvi. Nimemwongezea. Kala mpaka kakomba sahani.