Kamba ya Nne

Nyaishozi,
Karagwe.
21 Novemba, 1982.

Mpendwa Shangazi Evangelina,

Shikamoo. Kabla sijakujulia hali, nataka kutoa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nilikata kamba ya kipimo cha mtoto nisiyemjua, kwa makusudi, ili gauni lake limbane. Nimelisema. Sasa naweza kukusalimu inavyopasa.

Habari za Mwanza? Kile kikohozi kimekuacha? Binti yako Kemilembe anaendeleaje na masomo? Sisi huku tu wazima. Bibi analalamikia magoti, lakini akisikia ndizi zimeiva anafika wa kwanza. Mimi nimemaliza darasa la saba, nangoja matokeo huku nikianika kahawa.

Shangazi, unajua baba anavyonunua nguo za watoto. Bidhaa zikishuka kwenye duka la kijiji, wadogo hawapelekwi kwenye foleni. Baba huchana kamba kavu za mgomba, moja kwa kila mtoto. Fundo linaonyesha upana wa kifua, na mwisho wa kamba ni urefu wa nguo. Kisha huongeza viganja viwili vya kukulia. Mwezi uliopita tulipima pamoja: Protase, Jovitha na Yustus mdogo. Kamba tatu.

Kesho yake nilichukua koti la baba nilianike juani. Mfukoni zilikuwamo nne.

Ile ya nne nilimpima nayo kila mtoto wa nyumba hii. Kwa Jovitha ilikuwa ndefu mno, na Protase mabega yake ni mapana kuliko hivyo. Ilikuwa ya msichana mwembamba. Nikakumbuka jinsi baba anavyokwenda kijiji cha Nyakakika kila mara na kurudi bila kusema alichofuata. Nikafungua fundo, nikalisogeza ndani, na ncha nikaikata viganja vitatu, kisha nikairudisha kamba mfukoni. Nilitaka huyo mtoto, yeyote aliye, ajue kwamba sisi tupo.

Siku ya kugawiwa bidhaa nilikwenda na baba ili nimsaidie kubeba. Kaya yetu ilipata sufuria moja kubwa, blanketi moja, taa ya chemli na nguo za watoto. Muuza duka akaziweka kamba juu ya meza, moja moja, akacheka.

"Mzee Gaudiosus, mwaka jana walikuwa watatu. Huyu wa nne kazaliwa na miguu tayari?"

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Kahawa ikiuzwa vizuri, hata watoto huongezeka."

Baba akajibu taratibu, "Wewe pima nguo, ndugu yangu. Watoto niachie mimi." Mimi nilikuwa nikitazama miguu yangu.

Nguo ya nne ilikuwa gauni jeupe. Njiani baba alilikunja akalitia ndani ya sufuria, akafunika na blanketi. Tulipokaribia nyumbani akaniambia nitangulie. Alipoingia, sufuria ilikuwa tupu.

Lakini mama, shangazi, humjui. Aliinua ile sufuria akanusa ndani.

"Baba Felicitas, tangu lini sufuria ikanuka nguo mpya?"

"Vitu vya duka vyote hunuka hivyo."

"Taa mbona inanuka taa?"

Baba akaenda kutazama mbuzi. Tangu siku ile mama hajaipikia ile sufuria. Ameifudikiza kwenye kona, anapikia chungu cha zamani chenye ufa, na ukimuuliza anasema sufuria hiyo ina mwenyewe. Na sufuria yenyewe tumeingoja miaka mitatu. Usiku yeye na baba hawaongei. Wiki iliyopita mama alianza kukusanya nguo zake ndani ya sanduku, kidogo kidogo, anasema anazihamisha kwa sababu ya panya. Sioni panya.

Jumanne nilikuwa kwenye kahawa na Speciose, yule mjane kutoka Burundi anayetulimia kibarua. Alikuja na mwanawe Therese. Mtoto alikuwa amevaa gauni jeupe. Mgongoni halikufunga, wamelishikilia kwa uzi wa mgomba, na magoti yote nje.

Speciose akasema, "Mwambie baba Mungu amlipe. Ila mtoto kakua haraka kuliko kamba."

Nilimuuliza kwa nini baba amnunulie. Akaniambia jina lake halimo kwenye orodha ya balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo dukani hauziwi hata sindano. Therese anapokea komunyo ya kwanza Krismasi. "Na wewe usimwambie mama yako," akasema. "Mke wa balozi si dada yake? Baba yako ataitwa mlanguzi kabla jua halijatua." Sasa anasema mtoto atangoja mwaka mwingine, maana kwa gauni lile watu watamcheka altareni.

Nilikosa pa kuweka uso. Kamba niliikata mimi.

Lakini shangazi, nikuambie ukweli wangu wote: nimeamini nusu. Speciose ni mjane, na bado ni kijana. Na zile safari za Nyakakika je? Wewe na baba mlilelewa pamoja, mkila sahani moja. Je, ni mtu wa kufanya wema halafu akauficha hadi nyumba yake ivunjike? Mimi siwezi kumuuliza. Nikisimama mbele yake maneno hurudi tumboni.

Humu ndani ya bahasha nimetia kamba ya Therese. Nimempima mwenyewe, na viganja viwili vya kukulia nimeongeza. Kama kuna gauni jeupe lililomwacha Kemilembe, naomba ulitume kwa jina langu. Na kama unamwamini kaka yako, wewe ndiye wa kumwandikia mama peke yake, kwa namna unayojua wewe, kabla sanduku halijajaa; hiyo nitamsomea tukiwa wawili tu.

Msalimie sana mjomba Celestin na Kemilembe. Bibi anakusalimu, na wadogo wote wanakupa shikamoo. Mungu awalinde ziwa linapochafuka na linapotulia.

Neno la mwisho. Barua zako za hapa nyumbani ninazisoma mimi kwa sauti, Bibi, baba na mama wakisikiliza. Kwa hiyo usijibu waziwazi. Kama unamwamini baba, andika tu kwamba Mwanza mvua imenyesha. Kama humwamini, usitaje mvua kabisa. Mimi nitasoma hadi mwisho bila kubadili sauti. Hii ichome, shangazi, na hata mjomba asijue.

Mwanao anayekupenda na kukutegemea,
Felicitas Kokugonza