Cherehani Haikusimama

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu kutoka chumba cha nyuma, ambako mdogo wako bado anagombana na karatasi. U hali gani? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimeachia? Sisi huku ni wazima, isipokuwa jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu. Vuta kiti.

Kwanza kitabu, maana najua utauliza. Unaukumbuka mtindo wetu: Mama anashona, mimi nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango namsomea nilichoandika. Sentensi ikiwa nzuri, cherehani inaendelea. Ikiwa mbovu, mguu wake unaganda juu ya kanyagio, nami naikata bila kubisha. Hajawahi kunieleza kosa ni nini. Mguu ulitosha.

Basi mwaka huu cherehani haikusimama hata mara moja. Sura nzima nzima zilipita. Nikavimba kichwa, Dada! Nikajiambia sasa nimeiva, nikaupeleka muswada kwa mhariri bila kurudia hata ukurasa. Ameurudisha juzi. Anasema una maneno mengi kuliko watu.

Siku hizohizo muuguzi jirani alikuja kuchukua gauni lake. Aliagiza mikono mirefu, akakuta mifupi. Alilalamika mpaka koo likamkauka. Mama akalikunja gauni vizuri, akamwambia, "Asante, mwanangu. Livae kwa afya." Mimi nilicheka. Kisha nikauona uso wa muuguzi, kicheko kikaniishia. Nikasimama nyuma ya Mama nikamwita. Nikamwita tena, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Yeye aliendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Daktari anasema sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki na kidogo, na kwamba tungewahi lingesaidika. "Kwani hamkuona dalili nyumbani?" aliniuliza. Mimi huyu, ninayejigamba kwamba kazi ya mwandishi ni kuona! Kila jioni nilikaa karibu naye nikiisikiliza mashine, yeye mwenyewe simsikilizi. Naona aibu, Dada. Nilitaka kuishi maisha yenye maana, nikadhani maana iko kwenye karatasi tu, na Mama nikamfanya kengele yangu.

Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi: mbona hukuniambia? Akasoma, akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nilikuwa naona midomo yako inavyokwenda, umefurahi. Ningesimamisha mashine ungedhani umeharibu."

Kitabu nimekiweka kando kwa sasa. Kila asubuhi namwandikia Mama ukurasa mmoja wa herufi kubwa, mambo ya mtaani tu: nani kaoa, nani kagombana na mwenye duka. Anausoma kabla ya kuanza kushona. Jana alinirudishia, kidole kimetulia juu ya mstari mmoja. Mstari ulikuwa mbovu kweli.

Sasa jambo lako. Mwezi uliopita ulinipigia ukiwa na furaha. Ulisema umemweleza Mama kwa simu kwamba mmeamua kubaki huko ughaibuni moja kwa moja, hamrudi tena nyumbani, na kwamba amelipokea vizuri, kasema tu, "Sawa, mwanangu, Mungu awabariki." Nami nikamsifia moyo wake mkubwa. Dada, hakusikia. "Sawa" hiyo humpa kila anayempigia.

Nilitaka kumwandikia mimi, kalamu ikanishinda. Nimemkosea vya kutosha kwa maneno yangu mazuri, na habari hii inataka mwandiko wako. Mwandikie, Dada, kwa herufi kubwa, taratibu, kama ungemshika mkono.

Shangazi anakusalimu, na Mjomba Kipara anauliza kama huko wanauza nywele. Mwenyezi Mungu awafunike wewe na nyumba yako, akuzidishie afya.

Usikawie, tafadhali. Mama amemaliza mapazia ya chumba chako, na leo asubuhi amenituma nikapime vitanda vya watoto. Nimekwenda, nikapima.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba